Barua ya wazi kwa wakubwa wa nishati: tuiteni wakati wa kukisia, sio wakati wa kupandisha bei

Kwenu Mheshimiwa Waziri wa Nishati, Bodi na Menejimenti ya TANESCO, EWURA, na Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Bunge ya Nishati na Madini.

Shikamooni wakubwa zangu, na poleni na majukumu.

Naandika kutoka Ifakara. Kazi yangu ni kutunza hesabu za mashine ya kukoboa mpunga, kwa hiyo umeme kwangu ni mstari kwenye daftari, tena ule mstari mnene kuliko yote baada ya mishahara. Nina jambo moja tu la kuwaomba na nitalisema mwanzoni kabisa ili hata msomaji mwenye haraka asilikose: makisio mnayotumia kuamua tujenge mtambo gani, lini na kwa hela ya nani, yawekeni hadharani kabla mkataba haujasainiwa. Sisi wateja tunaitwa kwenye mikutano ya maoni pale bei inapotaka kupanda, EWURA inayoidhinisha bei inakaa mbele, TANESCO inaeleza gharama zake, wadau wanalalamika, lakini siku hiyo gharama zimeshaingia tayari, mtambo umeshajengwa, mkopo umeshachukuliwa, hakuna tunachoweza kubadilisha zaidi ya kuomba huruma. Uamuzi wenyewe ulifanyika miaka mingi nyuma, siku mtu alipoandika kwenye karatasi kwamba mahitaji yatakua asilimia kadhaa na maji yatakuwepo na dola itakuwa shilingi kadhaa. Hiyo siku ndo tunataka tuwepo.

Na nimechagua kuandika saa hizi kwa sababu hali ni nzuri. Bwawa la umeme la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji mashine zote tisa zimekamilika 2025, megawati 2,115, na mitambo yote nchini ukijumlisha imevuka megawati 4,000 wakati mahitaji ya juu kabisa mwanzoni mwa 2025 yalikuwa kwenye 1,900 hivi. Hongereni kwa hilo, na nasema hongereni kwa moyo wote kwa sababu mgao wa mwishoni mwa 2023 mpaka Februari 2024 wote tunaukumbuka. Ila hapa ndo pa kuwa makini zaidi. Mgao ukiwepo watu wanasaini kwa hofu, umeme ukizidi watu wanasaini kwa furaha, na vyote viwili tumeshavilipia.

Tuanze na mahitaji maana hapo ndo kila kitu kinaanzia. Mwaka 2014 serikali ilitoa mkakati wa kurekebisha sekta ya umeme, na lengo lilikuwa kutoka megawati 1,500 na kitu mpaka zaidi ya 10,000 ifikapo 2025. Mwaka 2025 tumeshaupita na tuna 4,000. Sisemi hivyo kumsuta mtu, nchi bila malengo makubwa haiendi. Tatizo ni kwamba lengo la kisiasa likiingia kwenye hesabu za fedha linageuka kuwa makisio, na makisio yakishaitwa makisio watu wanajenga vitu halisi juu yake. Bomba la gesi la Mtwara mpaka Dar es Salaam lilijengwa kwa mkopo wa China, dola bilioni 1.2 hivi, likazinduliwa Oktoba 2015, na mnunuzi mkubwa aliyetegemewa alikuwa TANESCO. CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, alipokuja kukagua miaka michache baadaye akakuta linatumika asilimia 6 tu ya uwezo wake, kwa sababu mitambo iliyokisiwa kuchoma ile gesi ilikuwa haijajengwa. Bomba zima na imara kabisa, hakuna aliyelaumu mafundi. Kilichokosewa ni namba ya kwenye karatasi, na mkopo hauulizi bomba limepitisha gesi kiasi gani, tarehe ikifika unalipwa.

Naomba niweke hesabu ndogo hapa, kila mtu anaweza kuirudia kwenye simu yake. Chukua mahitaji ya 1,900. Yakikua asilimia 10 kila mwaka, yanajizidisha mara mbili baada ya miaka 7 hivi. Yakikua asilimia 5, inachukua miaka 14. Tofauti ya 10 na 5 kwenye ripoti inaonekana ndogo, mtu anaweza kuipitisha kwa kalamu kabla ya chai, lakini ni miaka 7 ya mtambo kukaa umejengwa bila wateja. Sasa tuseme kwa mfano ulijengwa kwa mkopo wa trilioni 1 kwa riba ya asilimia 8. Riba peke yake ni bilioni 80 kwa mwaka, kwa miaka 7 ni bilioni 560, na hapo hujagusa deni lenyewe. Hiyo ndo bei ya namba moja kukosewa.

Kwenye kazi yangu nalijua hili kwa ukaribu. Mpunga unavunwa kuanzia Mei, Juni, mpaka Agosti foleni ya magunia nje ya mashine ni ndefu, watu wanalala juu ya mizigo yao wakisubiri zamu, na kila mwenye mashine akiiangalia ile foleni anatamani kukopa anunue mashine ya pili. Halafu inafika Januari, mashine moja tu inakoboa magunia machache kwa siku na ya pili imefunikwa turubai, lakini benki inataka rejesho la Januari kama lilivyokuwa la Julai. Mwenye mashine akija kuniuliza huwa namwambia asinionyeshe foleni ya Julai, anionyeshe magunia ya mwaka mzima.

Umeme nao uko hivyo hivyo na hapa nataka niliongelee Bwawa la Nyerere kwa heshima kabisa. Megawati 2,115 ni uwezo wa mashine zote zikizunguka kwa pamoja. Ukizidisha kwa masaa yote ya mwaka unapata yuniti bilioni 18 na nusu. Lakini makadirio yaliyotangazwa tangu mwanzo ni kwamba bwawa litatoa karibu yuniti bilioni 6 kwa mwaka, yaani theluthi moja, kwa sababu maji ya mto ndo yanayoamua, mashine haziamui. Hakuna ubaya, mabwawa mengi duniani yako hivyo. Ila mwananchi akisikia 2,115 na mahitaji 1,900 anadhani tumemaliza kazi, na mpanga bajeti naye akidhani hivyo ndo tumekwisha. Bei inahesabiwa kwa yuniti, na mikopo inalipwa kwa yuniti zilizouzwa.

Na hayo maji mimi nayaona. Mto Kilombero unapita hapa kwetu, na ndo unaochangia sehemu kubwa kuliko mito yote ya bonde la Rufiji, karibu asilimia 62 ya maji, halafu Luwegu, halafu Ruaha Mkuu. Kila mwaka mashamba yanasogea karibu zaidi na mto, miradi ya umwagiliaji inaongezeka na sisi wa mpunga tunaifurahia kwa sababu ndo chakula chetu na ndo kazi yangu. Lakini je, kwenye hesabu za bwawa hayo maji ya umwagiliaji yametolewa? Kwa miaka ijayo 20 au 30? Nauliza kwa sababu Ruaha imeshatufundisha. Kidatu ilianza 1975, Mtera 1988, na kuanzia miaka ya 1990 Ruaha Mkuu ikaanza kukauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha kwa sababu ya matumizi ya maji kule juu Usangu. Waliojenga Kidatu hawakukosea hesabu za mto waliouona, mto wenyewe ndo ulibadilika.

Kingine ambacho sikisikii kikisemwa: Mtera, Kidatu, Kihansi na Bwawa la Nyerere vyote viko bonde moja la Rufiji. Ukija ukame wa kusini-kati haupigi kimoja, unapiga vyote kwa mpigo. Najua bwawa jipya linatunza maji mengi sana, mita za ujazo bilioni 33 hivi, na hilo linasaidia kuvuka mwaka mbaya mmoja. Je ikiwa miaka mibaya miwili mfululizo? Na kwenye orodha ya miradi inayofuata kuna Ruhudji kule Njombe, megawati 358, mradi mzuri, ila Ruhudji nao unamwaga maji Kilombero. Kwa hiyo tunaongeza megawati huku tukiweka mayai yote kwenye mvua ile ile. Labda mmeshalipigia hesabu, labda jua la Kishapu na gesi ya Mtwara na upepo wa Singida vimewekwa kwenye mpango kwa sababu hiyo hiyo. Basi tuonyesheni, tutawaelewa na tutawatetea huku mitaani.

Maana maji yakikosewa tunajua inakuwaje. Ukame wa 2010 na 2011 uliikuta nchi haina akiba, ikakodiwa mitambo ya dharura ya mafuta, umeme wa bei ya juu kuliko aliyokuwa akilipa mteja, TANESCO ikawa kila yuniti inayouza inaongeza hasara. Januari 2012 bei ikapanda asilimia 40.29, na shirika lilikuwa limeomba 155. Januari 2014 ikapanda tena kwa karibu asilimia 39. Watu wenye mashine ndogo huku wilayani wengine walirudi kwenye dizeli, wengine walifunga kabisa. Nikisema makisio ya mvua yanafika jikoni kwa mama lishe ndo maana yake hiyo.

Sasa mikataba ya watu binafsi. Hapa kuna kile kitu wanaita kapasiti chaji, ile hela ya kila mwezi mnayomlipa mwenye mtambo kwa sababu mtambo upo tayari, uwe umewashwa au umezimwa. Kapasiti chaji yenyewe sio wizi jamani, mwekezaji amekopa na lazima alipe, nani angejenga bila hiyo? Ubaya unakuja pale makisio ya mahitaji yanapokuwa ya juu mno, maana hapo unajikuta unalipia utayari wa kitu usichokihitaji, na kwa dola, na kwa miaka 20. Mkataba wa IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme, ulisainiwa 1995 tukiwa na hofu ya ukame, megawati 100 za mafuta mazito pale Tegeta, umeme wake ukaanza kuingia kwenye gridi 2002 baada ya kesi za kubishania gharama, na mkataba ule umetutesa mpaka kwenye sakata la hela za akaunti ya Escrow la 2014 na mahakama za usuluhishi za nje. Symbion, kampuni nyingine binafsi ya umeme, mkataba wake wa mtambo wa Ubungo wa 2015 ukavunjika, CAG akaja kuripoti kwamba TANESCO imelipa karibu shilingi bilioni 350 kumaliza mgogoro. Kwa hela ile zingejengwa laini ngapi.

Na laini ndo nakuja kwenye kitu kinachoniuma zaidi. Kwenye mipango mingi kuzalisha kunapewa ukurasa wa mbele na kusafirisha kunapewa aya mbili. Machi 2025 Mheshimiwa Rais alieleza akiwa Kilimanjaro kwamba Kanda ya Kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kwa sababu umeme unaotoka kusini ukisafiri mpaka kule unapotea njiani na hasara ni shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Watu wakashangaa mitandaoni, wengine wakatukana, mbona tuna bwawa? Mimi nadhani kihesabu inaweza kuwa sahihi kabisa, umeme wa jirani ukifika Arusha kwa bei nafuu nunua. Lakini inanipa swali: wakati bei ya yuniti ya bwawa inahesabiwa, ilihesabiwa pale getini Rufiji au ilihesabiwa mpaka Moshi? Kama ni getini, basi namba tuliyopewa haikuwa kamili, kwa sababu mteja hakai getini. Gharama ya mtambo bila gharama ya nyaya zake isiletwe tena Bungeni peke yake, ziletwe pamoja zikiwa zimefungwa kwenye karatasi moja.

Muda nao ni makisio. Bwawa lilipangwa likamilike Juni 2022, mashine ya kwanza ikawashwa Februari 2024. Kwa mradi mkubwa hivyo na Uviko katikati, kuchelewa sio ajabu, sio kosa la kumnyonga mtu. Ila mpango wa nchi uliandikwa kama vile hakuna kuchelewa, ndo maana katikati pale tukaingia kwenye mgao, halafu ndani ya wiki chache baada ya mashine kuanza tukatangaziwa kuwa mitambo kadhaa ya maji imezimwa kwa sababu umeme umezidi. Kutoka upungufu mpaka ziada ndani ya mwezi mmoja hivi! Mpango wenye makisio ya ukweli ungekuwa na ukurasa unaosema: tukichelewa miezi 20 tutafanya hivi, itagharimu hivi.

Na dola. Mtambo wa mkopo wa dola milioni 100 ulikuwa bilioni 230 mwishoni mwa 2018 dola ikiwa kwenye 2,300. Mwaka 2024 dola ilipopita 2,700, deni lile lile ni bilioni 270. Shilingi ikaja ikapanda tena kidogo mwishoni mwa mwaka, sawa, lakini mnaona inavyocheza. LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, inauzwa kwa shilingi. Nani amebeba huo mchezo? Mimi mteja, Hazina, au mwekezaji? Kila mkataba ungeandika wazi kwa Kiswahili nani anabeba, na asilimia ngapi.

Tuje kwenye LUKU yenyewe, kwa sababu mwisho wa yote makisio yote niliyotaja yanaishia hapa. Mteja wa kawaida wa T1 akinunua umeme wa shilingi 10,000, meseji inayokuja inamwambia gharama ya umeme 8,196.72, VAT 1,475.41, REA ya umeme vijijini 245.90, EWURA 81.97, anapata yuniti 28 na kidogo. Bei ya msingi hapo ni 292 kwa yuniti, iliyowekwa 2016. Mteja mdogo wa D1 analipa 100 kwa yuniti 75 za mwanzo. Naiunga mkono sana hiyo bei ya D1, bibi mwenye taa tatu na redio hawezi kulipa zaidi, na vijiji vyetu 12,318 kufikiwa na umeme ni jambo ambalo wazazi wetu hawakuliota. Lakini kwenye makisio ya mapato msihesabu mteja mpya kama mteja mpya tu. Wateja wapya wengi watakuwa D1. Idadi ya mita inaweza kuongezeka mara mbili na mapato yasiongezeke hata robo, na tuliona ilivyokuwa kwenye gharama ya kuunganishwa, ikashushwa 27,000 kwa wote, Januari 2022 mjini ikarudishwa 320,960, maana ile hela ya nguzo na nyaya na mita ilikuwa haina anayeirudisha. Sasa kwenye mkutano wa nishati wa Dar es Salaam wa Januari 2025 tumeahidi kufikia asilimia 75 ya wananchi ifikapo 2030, kwa gharama ya karibu dola bilioni 13. Naitaka hiyo asilimia 75. Nataka pia kujua makisio yanasema kila mteja mpya atatumia yuniti ngapi kwa mwezi, na kama ni chache, ruzuku itatoka fungu gani. Kama mnataka mtambo mpya upate wateja, hela kidogo iende kwenye mashine za kukoboa, majokofu ya samaki, pampu za umwagiliaji, majiko ya umeme, huko ndo yuniti zinaliwa mchana kutwa.

Kwa hiyo ninachoomba kinafanyika bila sheria mpya. Mpango Kabambe wa umeme ukihuishwa, utoke na muhtasari wa Kiswahili wenye makisio yake makuu: mahitaji yatakua kwa kasi gani na kwa nini, maji ya mwaka mbaya yatatoa yuniti ngapi, dola imekisiwa shilingi ngapi, riba ngapi, muda wa ujenzi, nyaya zinagharimu nini, na bei ya LUKU itakayotokana na hayo yote. Uwe na sura ya pili inayoonyesha mahitaji yakikua nusu ya mlivyokisia, na sura ya tatu ukame wa miaka miwili. Kila baada ya mwaka mmoja muweke pembeni kilichokisiwa na kilichotokea, bila kutafuta wa kufukuzwa, kwa sababu mkianza kufukuza watu kwa makisio basi watapamba namba. EWURA waitishe mkutano wa maoni hapo, kabla ya mkataba, kama wanavyouitisha kabla ya bei. Waheshimiwa wa Kamati, msipitishe dhamana ya serikali kwa mtambo wowote bila hiyo karatasi mezani.

Na najua mtaniambia baadhi ya mambo ni siri ya kibiashara. Bei ya mwekezaji kabla ya zabuni, sawa, ificheni. Ila mvua sio siri ya mtu. Idadi ya wateja sio siri. Makisio ya shilingi miaka 10 ijayo sio siri ya kampuni yoyote.

Kama ni ngumu kuanza na yote, anzeni na Ruhudji. Huo haujajengwa bado, muda upo, na maji yake yanapita hapa kwetu kabla hayajafika Rufiji. Wekeni makisio yake yote hadharani, mje Ifakara na Njombe mtuitishe, wakulima wa mpunga waje, wenye mashine waje, maafisa wa Bonde la Rufiji waje na vipimo vyao vya mto. Mimi nitakuja na daftari.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mtunza hesabu, Ifakara